Shafti ya Kupandia Izigo

Juma lililopita, kijana anayechomelea mageti jirani na kwangu alichovya patasi ya moto ndani ya kopo la oili chafu. Chuma kililia kidogo, moshi mzito ukapanda, ukapita juu ya michongoma na kuingia mpaka barazani nilipokuwa nimekaa. Siku hizi nakaa sana barazani. Tulimzika Mama mwanzoni mwa masika, na tangu hapo mikono yangu haijui ishike nini alasiri, saa ambayo nilizoea kumchemshia uji. Harufu ile ya oili iliyoungua ilinikuta siwazi lolote. Nikajikuta nimesimama, nasema peke yangu, "Tata, imeiva."

Tata ndivyo tunavyomwita baba kwa Kihaya. Alikwisha kufa miaka mingi iliyopita. Lakini nilisema hivyo, na kwa kuwa nilisema, nimeona niwasimulie. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa. Nitaeleza nilichokiona, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya vita ya Hitla. Tulikaa Nshambya, kando ya mji wa Bukoba, katika nyumba ya bati iliyozungukwa na migomba na kahawa. Tata alikuwa na gari. Alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, likiwa limekwisha kuzeeka, akalipigia bodi ya mbao nyuma na kuweka mabenchi. Majirani waliliita Nyamaishwa, yaani mnyama wa porini, kwa jinsi lilivyonguruma. Watoto wa Nshambya walilisikia likiwa bado ng'ambo ya mto, wakaanza kukimbia. Nami nilijifanya sikimbii, kwa sababu lilikuwa la kwetu.

Nyamaishwa alikuwa na ugonjwa mmoja. Ndani ya ekseli ya nyuma ya gari kuna chuma kirefu, kimoja kila upande. Ncha moja ina meno yanayoshika difu, kile kitumbo cha gia kilicho katikati, ncha nyingine inazungusha gurudumu. Madereva walikiita shafti. Ikikatika shafti, injini inanguruma vizuri tu, lakini gari halisogei, kama mtu anayegomba akiwa amekaa. Gari lile lilitengenezwa kwa ajili ya barabara za tambarare za huko kwao. Milima yetu na matope yetu hayakuwa kwenye hesabu zao. Shafti ya Nyamaishwa ilikatika mara kwa mara, siku zote mahali pamoja, shingoni, pale meno yanapoanzia.

Na ilikatika siku tuliyokwenda kumzika bibi, mama yake Mama.

Habari ya msiba ililetwa asubuhi na binamu yake Mama, kwa baiskeli, kutoka Izigo huko Muleba. Mama alijifunga kanga, akambeba mdogo wangu mgongoni, akakaa mbele. Mimi niliketi nyuma, juu ya magunia ya kahawa ya mfanyabiashara mmoja ambaye mzigo wake ulikuwa unakwenda njia hiyohiyo. Mvua ilikuwa imenyesha. Tulipoanza kupanda mlima wa Izigo nilisikia mlio mfupi, *kah*, kama mtu aliyevunja mua gotini. Gari likaanza kurudi nyuma. Tata akaruka chini, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu.

Tulipanda kwa miguu. Mama alitangulia, na sijawahi kumwona mtu akitembea vile, nusu mbio nusu kujikwaa, viatu mkononi. Tulipofika kwao watu walikuwa wananawa mikono. Kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa na maua ya porini yamewekwa juu. Mama alikaa chini kando ya udongo ule mpya, akaushika tu. Kaka zake walisema, naye akisikia, kwamba amechelewa kumzika mama yake.

Tata aliwaambia wakwe zake, "Chuma kimenisaliti." Mama alimtazama mara moja, akaurudia udongo.

Matanga yalipokwisha, Tata akaja kutuchukua, baada ya kulifungia gari shafti nyingine aliyoitoa kwenye gari bovu mjini. Mama akasema hatakwenda. Hakugomba, hakulia. Alisema, "Mimi nitakaa hapa kwanza," akaingia ndani na mtoto. Kwetu mke akirudi kwao hivyo, mume hana ruhusa ya kumvuta. Lazima aje rasmi, na mashahidi na rubisi yake, yaani pombe ya ndizi, akae chini mbele ya wakwe, asikilize. Kaka yake Mama, Mjomba Rwiza, ambaye hakupenda hata kidogo kuona gari mahali ambapo angetaka kuona ng'ombe, alimsindikiza Tata mpaka barabarani, akalipiga teke gurudumu.

"Shemeji," akasema, "siku mnyama wako huyu atakapopanda mlima wetu bila kusukumwa, uje tuzungumze. Asipoweza, muuze, ununue kitu kinachotembea."

Watu wakacheka. Tata hakucheka. Mimi nilikuwa na miaka tisa hivi, na niliyashika maneno yale kama yalivyosemwa: gari likipanda, Mama anarudi. Lisipopanda, basi. Nililala na maneno hayo na kuamka nayo.

Shangazi alihamia kwetu kutupikia. Alikuwa mtu mwema, lakini ndizi zake zilikuwa ngumu, na usiku alikoroma. Nilizoea kwenda kukaa kwenye kiti cha mbele cha gari, kiti cha Mama, kwa sababu kilibaki na alama ya mafuta yake ya nywele.

Tata hakufanya haraka kama nilivyotaka. Alikata shauri jambo moja: "Nikienda na ya namna ileile itavunjika palepale. Lazima niwe na yangu." Nyuma ya karakana moja mjini kulikuwa na lori la jeshi lililokufa, limeota majani mpaka kwenye usukani. Shafti zake zilikuwa nene kuliko mpini wa jembe. Tata alizipata zote mbili, ya kushoto na ya kulia, akazileta nyumbani mabegani kama mtu aliyetoka kuwinda. Zilikuwa ndefu mno na nene mno kwa Nyamaishwa. Ilibidi kupunguzwa.

Watu wawili walimsaidia. Wa kwanza alikuwa Ta Kamugisha, yaani Mzee Kamugisha, mhunzi, ambaye ukoo wake ulifua chuma tangu kabla ya Mzungu yeyote. Alikuwa mfupi, mwenye kope zilizoungua, na alipenda kula karanga akifanya kazi. Wa pili alikuwa Fundi Athumani, Mwislamu wa mjini, ambaye baba yake alitoka pwani akafika Bukoba na msafara akaoa hapahapa. Yeye alifanya kazi kwenye mashine ya kukereza chuma katika karakana ya Mhindi mmoja, na Jumamosi mchana tajiri wake alimwachia mashine afanye shughuli zake.

Chuma kigumu hakikerezeki, kinakula patasi. Kwa hiyo kazi ilianzia kwa Ta Kamugisha. Aliilaza shafti ya kwanza kwenye mkaa, vijana wake wakavuta mivukuto, chuma kikawa chekundu, halafu akakifukia kwenye shimo la majivu kipoe polepole mpaka kesho yake. Kikatoka cha kijivu na kilaini. Jumamosi tukampelekea Fundi Athumani. Nilisimama karibu na mashine mpaka akaniambia, "Binti, sogea, hivi vinyuzi vinachoma." Vinyuzi vya chuma vilitoka vimejikunja kama nywele, vya buluu na vya moshi, vikaanguka sakafuni vikilia. Aliipunguza shafti kila mahali isipokuwa shingoni. Pale alipaacha pana, akapateremsha taratibu.

"Hawa waliotengeneza ile ya kwanza waliweka kona kali hapa," alimwambia Tata, akipitisha kidole. "Kona kali ndipo ufa unapozaliwa. Wewe nakupa mteremko kama wa shingo ya mtungi."

Meno yalikuwa kazi ya Tata. Aliyakata nyumbani kwa tupa, chini ya mparachichi, akiwa na shafti ya zamani pembeni kama kielelezo. Nilijifunza kazi hapo. Nilishika koroboi iliyowashwa chini ya meno mpaka yakapata masizi meusi. Tata akayasukuma ndani ya tundu la difu, akayatoa. Pale masizi yalipofutika ndipo palipokuwa panabana, anapiga tupa mara mbili tatu, ananirudishia nipake tena. Siku nyingi zilikwenda hivyo. Nilikuwa mweusi puani mpaka masikioni, na shangazi alisema mtu akija kuniposa atadhani nyumba hii inaozesha mkaa. Tata hakuzungumza. Wakati mwingine tupa ilisimama, akatazama barabara ya kusini kwa muda, kisha ikaanza tena. Nilidhani anapumzisha mkono.

Mwisho shafti ilirudi kwa Ta Kamugisha ili igandishwe, iwe ngumu tena. Na hapo tukakosea, sisi sote, kwa sababu ya vile tulivyo. Watu wa kwetu tangu zamani hupima chuma kwa masikio na kwa makali. Muhoro mzuri, ule wa kukatia migomba, ukiugonga unaimba. Mkuki mzuri unang'ata chuma kingine. Ta Kamugisha aliipasha shafti mpaka ikawa kama jua linalotua, akaizamisha kwenye pipa la maji baridi kwa mpigo mmoja. Ilipopoa akaigonga kwa nyundo ndogo. Iliimba. Iliimba muda mrefu, sauti safi kama ya kengele ya kanisa la Kashozi, na Tata akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akaijaribu kwa tupa, tupa ikateleza. "Hii," Ta Kamugisha alisema, mdomo umejaa karanga, "itakuzika wewe."

Kabla ya kwenda Izigo Tata alitaka kujaribu. Alichagua mlima wa kuelekea Kashozi, na kwa kuwa alihitaji uzito aliwaita majirani wapande bure. Hakuna aliyekataa. Walijaa mpaka juu ya paa, kina mama wakiimba, mzee mmoja akiwa na mbuzi wake. Nyamaishwa alipanda nusu ya mlima kwa madaha. Kisha, *kah*.

Walishuka mmoja mmoja, wakikung'uta nguo. "Yohana," mzee wa mbuzi alimwambia Tata, "tunakushukuru sana. Umetuleta mpaka mahali pa kuanzia kutembea."

"Hata mbuzi ameona haya," mama mmoja akadakia, na kicheko chao tulikisikia mpaka walipopotea migombani.

Mimi sikuweza kucheka. Nilikaa ukingoni mwa barabara nikalia, na Tata hakunikataza. Alijilaza chini ya gari, akavuta vipande nje. Palipovunjika palikuwa peupe, penye chembe chembe kama sukari. Tulimpelekea Ta Kamugisha vipande vile vikiwa vimefungwa kwenye jani la mgomba. Alivigeuza mkononi muda mrefu. Hata karanga aliziweka chini.

"Yohana, nimekutengenezea kisu," akasema. "Kisu hakizungushwi. Kinakata au kinavunjika."

Ilibaki shafti moja. Lori la jeshi halikuwa na ya tatu. Tulirudia yote, kulainisha, kukereza na kukata meno, mpaka ikabaki kugandisha. Safari hii Tata aliwakutanisha mafundi wake kibandani kwa Ta Kamugisha. Fundi Athumani alikuja kwa miguu kutoka mjini, kanzu imeinuliwa kwa sababu ya matope, kofia kichwani, na debe la oili chafu mkononi. Ta Kamugisha alilitazama debe lile kwa mashaka. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza na Kihaya cha Athumani kilikuwa cha sokoni, lakini kwenye chuma walielewana.

"Mzee wangu," Athumani alisema, "maji yanakistua. Hiki hakiendi vitani, kinakwenda ukweni."

"Ukweni ni kubaya kuliko vitani," Ta Kamugisha akajibu. Wakacheka wote, na Tata pia akacheka kidogo, akitazama chini.

Kisha Ta Kamugisha akakumbuka mwenyewe jambo lake. Shoka la kuchongea mtumbwi, alisema, baba yake alimfundisha kulirudisha motoni baada ya kuligandisha, makali yabaki makali lakini shingo ijifunze kupinda, la sivyo linakatikia ndani ya gogo. Kwa nini hakufikiria hivyo? Kwa sababu aliambiwa Tata anataka chuma chenye nguvu, na kwake nguvu ilikuwa kuimba.

Basi waliipasha moto, wakaizamisha kwenye oili. Moto ulipanda kwenye debe, moshi ukajaa kibanda, tukakohoa sote. Ndiyo harufu niliyowaambia. Kisha wakaing'arisha kwa mchanga, wakaishikilia juu ya makaa, mbali kidogo, wakiigeuza. Rangi zikaanza kutembea juu yake zenyewe: kwanza rangi ya jani kavu la mgomba, kisha kahawia, kisha zambarau. "Bado," Athumani alisema. "Bado," Ta Kamugisha naye. Mimi ndiye niliyekuwa na macho machanga. Nilipoona shingoni imekuwa ya buluu kama shingo ya njiwa, nikapiga kelele kwa Kiswahili cha shuleni, "Tata, imeiva!" Wakaitoa.

Waliigonga. Haikuimba. Ilitoa sauti fupi, nzito, kama mtu anayeitika akiwa na jambo kichwani. Tata aliisikiliza sauti ile, akaichukua shafti begani.

Tulikwenda Izigo siku ya jua. Tata alivaa koti lake la kanisani. Shangazi alikaa nyuma na vibuyu vya rubisi miguuni, Ta Kamugisha akaja kama shahidi, nami nikakaa mbele. Tulipofika chini ya mlima ule, nilishika ubao wa mbele kwa mikono miwili. Tata akaweka gia ya kwanza. Nyamaishwa akainama, akanguruma, mawe yakaruka. Tulipita mahali tulipokwama siku ya msiba. Watoto wa Izigo wakatoka mashambani, wakakimbia pembeni wakipiga mayowe, na hakuna aliyesukuma. Tulipofika juu nilitaka kuruka chini nimwite Mama. Kwangu mimi kazi ilikuwa imekwisha.

Mjomba Rwiza alikuwa amesimama uani. Alilizunguka gari, akachungulia chini. "Amepanda," akakubali. "Haya, ingieni."

Ndani nyasi mpya zilikuwa zimetandikwa. Babu, mgane sasa, alikaa kwenye kiti chake, wajomba pembeni. Mama hakuonekana. Alikuwa nyuma ya ukuta wa chumba cha ndani, na wote tulijua anasikia. Tata akapiga magoti, "Kaboneka waitu," akasalimu, rubisi ikapokelewa. Mjomba akaanza kwa furaha, kwamba kumbe chuma kimetengenezwa, kosa lilikuwa la chuma na chuma kimepatikana, basi wayamalize. Njia ilikuwa wazi. Tata angeitikia tu, "Ego waitu," ndiyo mzee, na tungerudi na Mama.

Tata akasema, "Hapana. Chuma hakikukosa."

Mjomba Rwiza akaweka kibuyu chini.

"Nilijua shafti ile inalia. Ilikuwa imelia siku kadhaa. Ningekuja na watu peke yao, labda ingefika. Lakini nilipakia kahawa ya mtu, kwa sababu nilikuwa nakuja njia hii. Mke wangu aliyaona magunia, akanitazama, nikawasha gari. Ninyi mmesema amechelewa mazishi ya mama yake. Hakuchelewa yeye. Nilimchelewesha mimi, na nikamwacha abebe lawama."

Mjomba Rwiza alisimama. "Magunia!" alifoka. "Mama yetu amefukiwa bila mwanawe kwa ajili ya magunia?" Ndugu yake naye akasimama. Shangazi akaanza kulia. Nilidhani tumempoteza Mama pale pale, wakati gari limekwisha kupanda, na sikuelewa kwa nini Tata ameharibu kila kitu.

Pazia la chumba cha ndani likasogea. Mama alikuwa mlangoni, mdogo wangu mgongoni, na mzigo wake ukiwa umefungwa mkononi. Sijui aliufunga saa ngapi.

Babu alimtazama, kisha akawatazama wanawe. "Aliyekosewa amesimama na mzigo wake," akasema. "Ninyi mnagombana na nani?"

Walikunywa rubisi. Mjomba alimtoza Tata faini ya vibuyu vingine, kwa sauti kali, ili moyo wake nao upate kitu. Kabla ya kuondoka, Mama alimpeleka Tata kaburini, wao wawili tu. Sikuwafuata. Tuliposhuka mlima alikaa kwenye kiti chake, mimi magotini pake nikiwa mkubwa mno kupakatwa, na hakunisukuma.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba shafti ndiyo iliyomrudisha Mama. Nilipokuwa mtu mzima, Tata akiwa amekwisha kufa, nilimuuliza Mama tukiwa tunamenya ndizi. Kwa nini hakuwaambia kaka zake habari za kahawa siku ileile, waache kumsema?

"Ningerudi vipi kwenye nyumba ya mtu niliyemvua nguo mbele ya watu wa kwetu?" akasema. "Nikasema nitakaa. Akitaka, atavua mwenyewe."

"Na asingetaka?"

"Ningekuwa nalima kwa kaka zangu mpaka leo." Akaendelea kumenya. Baadaye kidogo akaongeza, "Lakini nilikuwa naulizia. Kila aliyetoka Bukoba nilimuuliza, Yohana anafanya nini? Wakaniambia, anakata chuma kwa tupa kutwa nzima, hasemi na mtu. Nikajua anakuja."

Sasa Mama naye amekwenda, na mimi barazani nimepata muda wa kufikiri. Naona sikukosea sana utotoni. Tata hakuwa mtu wa kufika kwenye neno kama lile alilosema ukweni kwa kukaa na kuwaza. Alihitaji kitu kigumu mikononi, kazi ya polepole, na tupa inayosimama na kuanza tena. Shafti ilimpeleka Izigo, hilo ni kweli na kila mtu aliliona. Lakini nadhani alikuwa njiani tangu siku ya kwanza alipokaa chini ya mparachichi, na mimi nilikuwa pale, nimeshika koroboi, nikidhani tunatengeneza gari.